Mwambie ni Ng'ombe

Shangazi yangu Obdulia Arámbula hajawahi kuandika chochote zaidi ya jina lake, na hata hilo huliandika polepole, ameuma ulimi, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kila anachokijua kimo mikononi. Akishika pilipili kavu anajua kama ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Kwa miaka arobaini amepika birria ya mbuzi, nyama inayoiva taratibu katika mchuzi wa pilipili kavu, kwenye ubatizo na harusi za mji wetu, na wapo watu hapa ambao aliwapikia walipobatizwa, akawapikia walipooa, akawapikia tena walipowazika mama zao.

Chungu chake huzibwa. Nyama ikishalala usiku kucha ndani ya rojo la pilipili na viungo, huipanga chunguni, hufunika, kisha husokota unga wa mahindi uliokandwa uwe kama kamba nene na kuubandika kuzunguka mdomo wote wa kifuniko. Unga ule hukauka kwa joto na kuwa mgumu kama ukuta. Mvuke hautoki, harufu haitoki, na kwa saa tano hakuna anayejua kinachoendelea mle ndani isipokuwa yeye, ambaye huinamisha sikio na kusikiliza. Muda ukifika, unga huvunjwa kwa kisu. Zamani aliyevunja alikuwa bibi, mama yake. Bibi alipofariki akawa yeye, na hajamwachia mtu mwingine. Padre aliwahi kuomba, mbele ya watu, akidhani atakubaliwa. Shangazi alimjibu, "Baba, wewe vunja mkate."

Alinilea yeye, kwa sababu baba yangu alivuka mpaka kwenda kaskazini kutafuta kazi nikiwa na miaka mitano na mama akamfuata. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, na sehemu mojawapo niliifanya mwenyewe.

Shangazi ana mdogo wake mmoja aliyebaki upande huu wa mpaka, Casimiro, kitinda mimba wa bibi. Alimbeba mgongoni wakati bibi akipika. Ndiye aliyemfundisha kukaanga pilipili bila kuziunguza. Casimiro alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Tijuana, mji wa mpakani ulio mbali na kwetu, na huko akajifunza birria ya huko, ambayo ni ya ng'ombe. Tena hawaiachi sahanini kama sisi. Huengua mafuta mekundu yanayoelea juu ya mchuzi, huchovya humo tortila, chapati nyembamba ya mahindi, huitupa kwenye bamba la chuma lenye moto, hunyunyiza jibini, huweka nyama iliyochambuliwa, hukunja, na taco hiyo huliwa kwa kuchovya tena kwenye kikombe cha mchuzi. Siku hizi hata hapa kwetu wapo wanaozipika. Siku zile ilikuwa ni ajabu.

Alirudi kumbatiza binti yake, Yareli. Akaja na bamba lake la chuma ndani ya gari, akaliweka uani, upande wa pili wa ua kutoka kwenye chungu cha shangazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka foleni. Vijana, halafu mama zao, halafu hata wazee, wote na sahani zao mbele ya Casimiro, naye amevaa aproni anawatania, jibini inalia kwenye bamba. Upande wa shangazi walibaki masista wawili wa parokia na mbwa.

Shangazi aliuvuka ua. Watu wakampisha. Akachukua taco moja, akaing'ata, akatafuna mara mbili, akaitema kwenye karatasi.

"Hii si birria," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Hiki ni chakula cha mtu aliyemsahau mama yake."

Casimiro alizima moto, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Kabla jua halijatua walikuwa wameshaondoka na mtoto wao.

Ikapita miaka kumi na moja. Nilimaliza chuo kikuu Guadalajara, nikapata kazi kwenye maktaba, nikawa narudi nyumbani kila Ijumaa jioni. Shangazi hakulitaja jina la ndugu yake, ila picha ya ule ubatizo aliiacha ukutani, na kila Jumamosi aliifuta vumbi kabla ya picha ya Bikira.

Halafu, Oktoba moja, zikaja habari kupitia kwa jirani kwamba Casimiro na mkewe Griselda wanakuja kwenye harusi upande wa ukoo wa mke, na Jumapili watapita karibu na mji wetu wakielekea uwanja wa ndege.

Ijumaa iliyofuata, nilipoingia tu na mkoba wangu, shangazi alinishika mkono.

"Hicho kisimu chako kinaonyesha watu wakipika?"

"Kinaonyesha, shangazi."

"Nionyeshe hao wa Tijuana. Funga mlango kwanza."

Tulikaa mezani tukaangalia wanaume wanne mmoja baada ya mwingine. Yeye alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Huyu anashika kisu kama anashika mswaki. Toa. Huyu je? Mdalasini wote huo! Anapika nyama au anatengeneza keki? Rudisha nyuma. Hapo. Ameweka nyanya?"

"Ameweka."

"Mungu amsamehe," alisema, akasogeza kiti. "Ngapi?"

Kesho yake tulikwenda buchani kwa don Abundio, ambaye alikuwa ameshamning'inizia mbuzi wake.

"Doña Obdulia! Mbuzi wa Jumapili huyu hapa, mchanga kama malaika."

"Leo sitaki mbuzi. Nipe muundi wa ng'ombe wenye mfupa. Na mbavu. Na kidari, usikitoe mafuta."

Don Abundio aliweka kisu chini, akanigeukia mimi. "Msomi, shangazi yako amelala vizuri?"

"Kata," shangazi akasema.

"Nikilisema hili mjini hataniamini mtu."

"Ukilisema mjini nitamsimulia mkeo ulivyocheza kwenye harusi ya akina Ledezma, na nani."

Akakata.

Tukiwa njiani, nimebeba nyama na yeye amebeba pilipili, alisimama ghafla mbele ya duka la viatu. Alikuwa akiliangalia dirisha, si mimi.

"Utampigia Casimiro leo. Mwambie namkaribisha kula, Jumapili, saa nane. Na mwambie ni ng'ombe."

"Sawa."

"Usisahau. Mwambie ni ng'ombe. Mengine yote pamba upendavyo, wewe ndiye mwenye maneno."

Nilipaswa kuelewa. Mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwomba mtu radhi alikuwa ameipata njia ya kuomba, kwa maneno mawili, na akanikabidhi mimi.

Lakini mimi sipendi kupiga simu. Nikisikia inaita upande wa pili moyo hunienda mbio, na mtu akipokea ninasahau hata nilichotaka. Nikamwandikia ujumbe. Niliuandika mara nne. Nilitaja miaka iliyopita, meza ya bibi, kiti cha Casimiro kilichokuwa bado karibu na dirisha. Ulikuwa ujumbe mzuri, nasema hivyo hata sasa. Mwishoni niliandika "ni ng'ombe", nikausoma wote tena, na maneno yale yakaonekana kama karatasi ya bei iliyobandikwa kwenye barua. Nikayafuta. Nilijiambia kwamba itapendeza zaidi akigundua mwenyewe chungu kitakapofunguliwa. Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi mno ambazo jambo kubwa huachwa mpaka mwisho.

Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Asante, binti yangu. Tutapita kusalimia."

"Amesemaje?" shangazi aliuliza. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwiko.

"Watapita."

"Ulimwambia ng'ombe?"

Alikuwa anatabasamu. Ningeweza kusema hapana na kuchukua simu palepale.

"Nilimwambia," nikasema.

Usiku ule alilaza nyama. Alfajiri akaipanga chunguni na kuziba unga kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona hata kwa harusi, akiupitisha kidole kilicholoa ili usiwe na ufa. Aliazima bamba la chuma kwa jirani. Alikata vitunguu na giligilani, akapanga ndimu, akafunika tortila kwa kitambaa cha bibi. Mwisho akaweka kisu mezani, mpini wake ukielekea kile kiti cha karibu na dirisha.

Nikauliza, "Atavunja yeye?"

"Nani mwingine?" alisema, akaenda kuchana nywele.

Walifika saa nane kasorobo. Casimiro alikuwa amenenepa na nywele zimeota mvi juu ya masikio. Griselda alibaki nyuma yake, ameshika begi. Yareli, mtoto wa ule ubatizo, sasa alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na moja, akitazama kila kitu.

"Dada," Casimiro alisema.

"Umekuja."

"Tumepita."

Hawakukumbatiana. Alisimama kizingitini mwa jiko, mguu mmoja ndani mmoja nje, kofia mkononi, na macho yake yakaenda kwenye chungu.

"Bado unaziba kwa unga."

"Bado."

"Mama angefurahi."

"Kaa, Miro."

Aliona kiti. Aliona kisu, nilimwona akikiona, maana alikitazama kwa muda mrefu na shingo yake ikakakamaa.

"Tumekula njiani," akasema.

Yareli aligeuka. "Baba, tumekula ndizi tu."

"Yareli!" Griselda akamfinya bega. "Msituchukulie vibaya, wifi. Huyu hutapika garini akishiba."

"Mna nini humo?" msichana aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na chungu kuliko wote.

Swali lilikuwa hilo hilo nililohitaji, na limekuja kwa mtoto, kwa upole. Maneno mawili tu. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameinua kidevu, anamwangalia ndugu yake, na nilijua anachofikiri: kwamba ameshaambiwa, anajua kilichomo, na bado anasimama mlangoni. Shangazi hangelitamka. Kwake lilikuwa limeshatamkwa. Kulirudia mbele ya mkewe na mwanawe kungekuwa ni kupiga magoti mara mbili.

Wote walikuwa wakinitazama.

"Chakula," nikasema.

Walikaa dakika kumi, wamesimama. Walizungumza habari za mvua na magoti ya shangazi. Kisha gari likaondoka.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha Casimiro. Baada ya muda akageuza kisu, akavunja unga mwenyewe, vipande vikaruka hadi sakafuni, na harufu ikajaa nyumba nzima: siki, pilipili, karafuu, mafuta ya mfupa. Nyama ilikuwa imelainika hata muundi ukaachana na mfupa kwa kuguswa na kijiko. Nilidhani atafunika na kuondoka. Badala yake aliwasha moto chini ya bamba. Akaengua mafuta mekundu, akachovya tortila, akaitupa, akaweka jibini na nyama, akakunja, na alifanya hivyo kama mtu aliyezoea, mara ya kwanza tu. Alikula moja akiwa amesimama, akichovya kwenye kikombe.

"Ni tamu," alisema kwa hasira. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayafuta kwa kiwiko. "Shetani huyu. Miaka yote hiyo, na ni tamu."

Akapika zote. Jirani na wanawe walialikwa wakala mpaka mchuzi ukaisha. Jioni aliiondoa picha ya ubatizo ukutani, na pale ilipokuwa pakabaki mraba mweupe.

Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Kila wikendi, akikatakata kitu, alianza mwenyewe. "Nilimwinamia. Nilimwinamia mdogo wangu niliyembeba mgongoni, akanipita kama jiwe." Au, "Mtu unamwambia ni ng'ombe, anakujibu amekula njiani. Moyo gani huo?" Mimi nilikuwa nikiosha vyombo, au nikimenya vitunguu saumu, na nilikuwa nikinyamaza. Mwanzoni niliogopa hasira yake. Baadaye niliogopa kwamba nimenyamaza muda mrefu mno. Nilijipangia kumwambia Krismasi, halafu Pasaka, halafu siku ya jina lake.

Iliyonifanya nitoboe siri ilikuwa pilipili. Septemba, tukiandaa rojo la harusi, nilikuwa nikikaanga pilipili kavu, na mawazo yakanipeleka mbali. Moja ikaungua. Ilipaswa kutupwa. Sikutaka anione, nikaisukumiza chini ya zile nzuri, zikalowekwa pamoja, zikasagwa pamoja. Shangazi alichovya kidole, akaonja.

"Kuna moja iliyoungua humu."

Niliendelea kukoroga.

"Amparo. Kuna moja iliyoungua, na umeificha."

"Niliificha," nikasema. Halafu, bila kupanga, "Na sikumwambia baba mdogo kwamba ni ng'ombe."

Alibaki na kidole hewani, chekundu. Nilimwambia yote, ujumbe, karatasi ya bei, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuketi, polepole, akishika ukingo wa meza.

"Mwaka mzima," alisema. "Umeniacha mwaka mzima namlaani ndugu yangu kwa sababu wewe unaona haya kuongea na simu."

"Nisamehe, shangazi."

"Sijui." Aliniangalia kama ananipima. "Piga. Kwa mdomo."

Nikapiga. Iliita mara tano.

"Baba mdogo, shikamoo. Ni Amparo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona unapiga?" Katika ukoo wetu ni kweli, simu yangu ingetisha.

Nilianza vibaya, nikarudia, nikaanza tena. Shangazi alichoka kusubiri, akaninyang'anya simu na kuinua sauti kana kwamba inabidi ifike Tijuana kwa nguvu zake yenyewe.

"Miro! Ilikuwa ng'ombe!"

Niliweka spika. "Ng'ombe gani?" Casimiro akauliza.

"Ng'ombe mwenye miguu minne! Mle chunguni! Muundi, mbavu na kidari."

"Wewe? Ulipika ng'ombe?"

"Mimi. Na bamba niliazima."

"Niliuona ule mpini wa kisu," Casimiro alisema. "Nikadhani unataka nivunje unga wa chungu chako cha mbuzi kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya mke wangu, nikiri kwamba ulishinda. Sikuweza, dada."

"Mpumbavu."

"Ndiyo. Uliweka karafuu ngapi?"

"Tatu."

"Nyingi."

"Nyingi nini, kwa kilo nne? Hao wenzako wanaweka mdalasini kama wanapaka rangi ukuta!"

Walibishana robo saa. Nilimsikia Casimiro akicheka hadi akakohoa, na shangazi akipiga meza kwa kiganja. Mwisho akasema, "Basi njoo. Nitaweka mbili."

"Siwezi kuja, Dulia."

"Kazi?"

"Figo. Tangu Machi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wananifunga kwenye mashine ya kusafisha damu. Siwezi kwenda mbali nayo."

Shangazi alishusha mkono. "Na nyama?"

"Kipande kidogo kama kiganja cha mtoto. Bila chumvi. Mchuzi, hata kuunusa wananikataza." Kisha, nadhani ili amchekeshe, akaongeza, "Mwaka jana ningekimaliza chungu chote, nawe ungebaki unanitazama."

Shangazi hakucheka. Aliniangalia, si kwa hasira, na ningependa ingekuwa hasira.

Picha imerudi ukutani. Magoti ya shangazi hayamruhusu kukaa garini zaidi ya saa mbili, na kuhusu ndege, anasema ataipanda siku padre atakapoiendesha. Bado anapika mbuzi kwenye harusi. Lakini Jumapili, mimi nikiwepo, hupika ng'ombe, chungu kidogo, karafuu mbili, bila hata punje ya chumvi. Anasema lazima kuna njia ya kuifanya iwe na ladha. Ni suala la siki, au la ndimu, au la kukaanga pilipili kwa muda tofauti. Anaziba kwa unga, anasikiliza, anavunja. Ananipa taco ya kwanza na kunitazama nikitafuna.

"Vipi?"

Nimejifunza kutomdanganya. "Bado, shangazi. Bado haina ladha."

"Mpigie," huniambia, akigeukia bamba kuchovya nyingine. "Mwambie bado."

Nami napiga.